Ukiuza Springi na Shokapu Mtandaoni, Jifunze Kukataa Oda

Posti ya leo ni ndefu kidogo, kaa chini na chai yako. Naongea zaidi na wale wanaouza spea za magari mtandaoni, hasa springi, shokapu, yubolti, bushi na vile vifaa vya kunyanyua gari. Lakini hata kama unauza mabeseni au mikoba, soma mpaka mwisho, kuna kitu chako humu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mteja anayejijengea miguu ya nyuma ya gari lake mwenyewe, nyumbani kwake, ndiye mteja mzuri kuliko wote kwenye hii biashara yetu ya spea. Ila kama huna ujasiri wa kumwambia "kaka, hii sikuuzii", basi achana kabisa na spea za miguu. Uza mazulia ya gari, uza vifuniko vya siti, uza manukato. Huko ukikosea mtu ananuna. Huku ukikosea mtu analazwa.

Najua wapo watakaosema naharibu biashara za watu. Sawa, subirini nisimulie kwanza.

Oda niliyojibu ndani ya dakika mbili

Nilikuwa naringa sana kwamba najibu meseji haraka. Jioni moja jamaa wa Moshi akanitumia ujumbe WhatsApp: "Kaka, una shokapu ndefu za nyuma? Nanyanyua Suzuki Samurai." Ndani ya dakika mbili nimeshamjibu: "Zipo bosi wangu, ndefu balaa, 180,000 pea." Hakuomba hata punguzo. Akalipa, nikapeleka mzigo stendi, nikapiga picha ya risiti ya basi, nikaweka status: "Mzigo wa Moshi umeondoka." Nikajiona mfanyabiashara kweli kweli.

Baada ya wiki mbili jamaa akanitumia picha tatu, bila salamu.

Picha ya kwanza, kishikio cha juu cha shokapu kimeng'oka kwenye chasisi, kimeondoka na kipande cha bati. Ya pili, hozi ya breki ya nyuma imevutika mpaka imekuwa kama uzi, na mafuta yanavuja pale kwenye kiungo chake. Ya tatu, shokapu yangu mwenyewe, imekandamizwa mpaka mwisho, na pembeni yake ameweka tepu: sentimita 38.

Chini yake akaandika: "Kaka, gari langu lina nafasi ya sentimita 33 ekseli ikipanda yote. Ulipima kabla ya kuniuzia?"

Sikupima. Nilijua tu ni ndefu.

Ilivyotokea ni hivi. Alikuwa anajaribu gari kwenye njia ya shambani Kibosho. Tairi la nyuma likapanda tuta, ekseli ikapanda juu, shokapu ikafika mwisho wa kujikunja kabla ekseli haijagusa mpira wake wa kugotea. Uzito wote ukaishia kwenye kishikio cha shokapu, kikang'oka. Upande wa pili ekseli ilikuwa imening'inia chini, na kwa sababu shokapu ni ndefu mno, hakukuwa na kitu cha kuizuia isishuke zaidi. Kilichoizuia ni hozi ya breki. Alipoanza kuteremka akakanyaga pedali, ikazama. Alisimamisha gari kwa gia na breki ya mkono. Pembeni yake alikaa mdogo wake wa kidato cha pili.

Nakiri mbele yenu: vidole vyangu vilishaanza kuandika "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Nikafuta. Ile picha yenye tepu ilinishinda.

Kwanza tuelewe tunachouza

Wauzaji wengi tunauza vyuma ambavyo hatujui vinafanya kazi gani. Ngoja niseme kwa lugha ya gereji, mimi si injinia na wala huhitaji kuwa injinia.

Miguu ya nyuma ina kazi mbili kubwa. Moja ni kubeba uzito na kumeza matuta. Ya pili ni kuishika ekseli ibaki mahali pake: isiende mbele wala nyuma, isihame kushoto na kulia, isijizungushe gari likivuta.

Magari kama Hilux, Land Cruiser pikapu ya 79 na hiyo Samurai yana springi za majani, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hizi zinafanya kazi zote mbili peke yake. Zinabeba, na zinashika ekseli. Ndiyo maana watu wa vijijini wanazipenda, vitu ni vichache na fundi yeyote anavielewa.

Magari kama Prado na Jimny yana springi za koili nyuma. Koili inabeba tu. Haiwezi kushika ekseli hata kidogo. Kwa hiyo lazima iwepo mikono ya chuma inayotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli. Prado kwa mfano ina mikono miwili ya chini, miwili ya juu, na fimbo moja ya kukingama inayozuia ekseli isihame pembeni.

Sasa fikiria mteja anakwambia: "Natoa springi za majani naweka koili, una koili za Prado?" Ukimuuzia koili tupu ukadhani umemaliza, umemuuzia nusu ya mguu. Ile nusu nyingine, yaani ile mikono na vishikio vyake, ndiyo ngumu, na ndiyo inayoua ikikosewa. Hapo ndipo muuzaji anayejua anapotofautiana na muuzaji wa status.

Wanaojenga nyumbani si wehu

Tabia nyingine tuliyonayo ni kuwadharau hawa wateja. Mtu akikuuliza urefu wa shokapu, upana wa jani, tundu la bushi, unamwambia "we nunua tu, inakaa". Ukifunga simu unamcheka: huyu anajifanya injinia.

Angalia lakini. Kenya wana Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989. Magari yanapewa saa 10 kupita vituo 13 porini, na anayeshinda ni aliyetumia umbali mfupi zaidi, siyo aliyekimbia. Maana yake unakata moja kwa moja, unapanda mawe, unashuka mabonde. Fedha zinazochangishwa zinaenda kwenye uhifadhi, na ndizo zilizosaidia kujenga uzio wa umeme wa Aberdare wa takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Magari mengi ya pale yamejengwa upya na wenyewe na mafundi wao, tena miguu yote. Kwenye mawe yale gari lililojengwa kwa kubahatisha halifiki mbali.

Hapa kwetu Arusha ni vilevile. Land Cruiser za watalii zinarefushwa, zinafunguliwa paa, zinaongezwa springi nzito nyuma ili zihimili mzigo na ile barabara ya vumbi na mawimbi ya kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti. Hiyo kazi inafanywa na mafundi wa hapahapa.

Kwa hiyo mteja anayeuliza maswali mengi si msumbufu. Anayekutisha awe yule asiyeuliza kitu. Yule wangu wa Moshi hakuuliza, na mimi sikumuuliza. Tulikuwa wawili tusiopima.

Maswali matano ninayouliza sasa kabla sijapokea hela

Baada ya lile tukio nilimrudishia jamaa hela yake. Yeye naye, Mungu ambariki, akanichorea karatasi ya vipimo kwa kalamu ya bluu na kunitumia picha. Ndiyo naitumia mpaka leo. Chukua, ni bure.

*1. Gari gani, na nyuma lina majani au koili?* Usikubali jibu la "Suzuki" tu. Mwombe picha ya chini ya gari, upande wa nyuma. Picha moja inakuokoa mambo kumi.

*2. Unanyanyua sentimita ngapi, na kwa njia gani?* Njia zinatofautiana sana. Kuna wanaoweka springi mpya zilizopinda zaidi. Kuna wanaoongeza jani moja. Kuna wanaoweka bloki ya chuma kati ya springi na ekseli. Kuna wanaorefusha shakeli, kile kiungo cha kuning'inizia mwisho wa springi. Na kuna wanaohamisha springi kutoka chini ya ekseli kwenda juu yake, kama alivyofanya jamaa wa Samurai. Hiyo ya mwisho inanyanyua gari sentimita 12 hivi au zaidi kwa mpigo, na inahitaji kuchomelea viti vipya vya springi kwenye ekseli.

Hapa kwenye shakeli wateja wengi wanakosea hesabu. Mtu anataka kupanda sentimita 5, anaagiza shakeli iliyozidi kwa sentimita 5. Hapati 5, anapata kama mbili na nusu, kwa sababu shakeli inanyanyua mwisho mmoja tu wa springi na ekseli iko katikati. Ukimweleza hili kabla hajalipa, huyo ni mteja wako milele.

*3. Nafasi ya shokapu ni ngapi ekseli ikiwa juu kabisa, na ngapi ikiwa chini kabisa?* Hili ndilo lililoniumiza. Juu kabisa maana yake ekseli imegusa mpira wa kugotea. Njia rahisi ya kupima ni kupandisha tairi moja la nyuma kwenye tuta au rundo la magogo, gari likiwa limewekewa vizuizi vizuri, shokapu imefunguliwa, kisha unapima kati ya kishikio cha juu na cha chini pande zote mbili. Upande uliopanda unakupa kipimo kifupi, uliokunjuka unakupa kirefu. Shokapu ikijikunja yote lazima iwe fupi kuliko ile nafasi fupi, tena ibaki nafasi kidogo. Mpira ugote kwanza. Shokapu isigote kabisa.

*4. Hozi ya breki inafika?* Ekseli ikining'inia chini kabisa, hozi iwe bado imelegea. Hozi isiwe ndiyo kamba inayoshikilia ekseli. Pikapu nyingi kama Hilux zina pia vali ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, inapima kama gari lina mzigo. Ukinyanyua gari bila kurekebisha ile fimbo, vali inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma. Mteja hatajua mpaka siku amebeba mifuko ya saruji kwenye mteremko.

*5. Propela shafti umeiangalia?* Gari likipanda, shafti inakaa mshazari zaidi na inahitaji urefu zaidi. Krosi za mbele na nyuma zisipokuwa na pembe zinazolingana, gari linatetemeka na krosi zinakufa haraka. Halafu atakuja kusema "springi zako zinatetemesha gari". Zako hazina kosa, lakini aliyeuza ni wewe.

Maswali matano, meseji moja. Nimeyahifadhi kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, nabonyeza tu yanaenda.

Milimita moja si kitu kidogo

Hili ni la wale mnaopiga picha springi ikiwa chini sakafuni, maelezo "springi heavy duty, njoo inboksi".

"Heavy duty" si kipimo. Nunua venia, hata ile ya bei nafuu, ujue unauza nini.

Kwenye koili, ugumu unafuata unene wa waya mara nne. Koili ya waya wa milimita 12 na ya milimita 13, kila kitu kingine kikiwa sawa, hiyo ya pili ni ngumu zaidi kwa karibu asilimia 38. Kwa macho huwezi kuziona tofauti. Kwa mgongo wa dereva utaziona siku hiyohiyo.

Kwenye jani la springi, ugumu unafuata unene mara tatu. Jani la milimita 6 na la milimita 7 la upana na urefu uleule, hilo la pili ni gumu zaidi kwa karibu asilimia 59. Ukichanganya majani kienyeji mteja anaweza kupata gari linalorukaruka kama mbuzi likiwa tupu, na ekseli ambayo haishuki kufuata ardhi. Gari la porini ambalo tairi halifuati ardhi linakwama, hata likiwa refu kama ghorofa.

Ndiyo maana posti yangu siku hizi inasomeka hivi:

"Shokapu za nyuma, pea moja, mpya. Ikifunguka yote sm 58. Ikijikunja yote sm 36. Chini tundu la mm 16, juu ni pini. Kabla hujalipia nitumie vipimo vya gari lako. Visipoingia sikuuzii, nitakuelekeza kwingine."

Ile sentensi ya mwisho ndiyo inayoniletea wateja wengi kuliko emoji zote za moto nilizowahi kuweka.

Vitu ambavyo siuzi, hata ukinipa hela mkononi

Siuzi jani la springi lililochomelewa. Chuma cha springi kimepikwa maalumu kiwe kinanepa na kurudi. Ukikipiga moto wa kuchomelea, pale karibu na mshono kinapoteza hiyo hali na kitakatika hapohapo. Mtu akikwambia "fundi ameunga vizuri sana", mwambie vizuri, ila kwangu hapana.

Siuzi bloki za kupanga mbili juu ya nyingine, wala za mbao. Bloki moja ya chuma yenye tundu na pini ya kukaa kwenye senta bolti, nyuma tu, na yubolti mpya za urefu wake. Yubolti zilizotumika siuzi kabisa. Zikishakazwa mara moja zinavutika na nyuzi zinachoka. Na kila anayenunua yubolti kwangu anapata meseji siku chache baadaye: "Umetembea kilomita 100? Rudi ukaze tena." Springi mpya zinajipanga, yubolti zinalegea kidogo, na yubolti zilizolegea ndizo zinazokata senta bolti.

Siuzi koili iliyokatwa. Ukikata koili hupunguzi urefu tu, unaongeza na ugumu, na mwisho wake hauketi vizuri kwenye kiti chake.

Simuuzii mtu springi nzito kwa ahadi kwamba "sasa utabeba tani zaidi". Springi ngumu inazuia gari lisikae chini. Haiongezi nguvu ya ekseli, haiongezi breki, haiongezi chasisi wala tairi. Uwezo wa gari unabaki uleule ulioandikwa na mtengenezaji. Ukimwambia mteja vinginevyo ili tu auze pikapu yake mzigo wa mahindi, umemdanganya.

Na siuzi kitu kilichochomelewa Gerezani kwa stika ya kampuni ya nje. Kazi ya mafundi wetu nyingine ni nzuri sana, nauza kwa jina lake: "Imetengenezwa hapa, chuma unene huu, mshono huu hapa kwenye picha." Kubandika nembo ya mtu ni bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani ikikukuta haitasikiliza kwamba ulikuwa unatafuta riziki.

"Ukimuuliza sana ataenda kwa mwingine"

Nasikia hili kila siku, na lina ukweli ndani yake. Siwezi kuwadanganya kwamba kila mtu atakuelewa. Wapo wanaoona maswali matano wanakuandikia "kaka, unauza au unafanya usaili?" kisha kimya. Wanaenda kwa anayejibu kwa dakika mbili, kama mimi zamani.

Tufanye hesabu basi, hesabu ya duka langu siyo ya kitabu. Zile shokapu nilinunua 145,000, nikauza 180,000. Faida 35,000. Mambo yalipoharibika nilirudisha 180,000 yote. Nikamrudishia nauli ya mzigo 10,000, nikalipia na ya kuurudisha 10,000. Shokapu ziliporudi moja fimbo imepinda, na pea yenye moja mbovu haiuziki. Kwa hiyo nilipoteza 145,000 ya mtaji na 20,000 ya nauli, jumla 165,000. Ili kuirudisha hiyo hela kwa faida ya 35,000, ilinibidi niuze pea tano nyingine, na hapo ndiyo nimefika sifuri.

Oda moja mbaya inakula oda tano nzuri. Sasa wateja wawili wakikukimbia kwa sababu ya maswali, umekosa 70,000 ambayo hukuwa nayo. Haijatoka mfukoni. Hiyo tofauti ndiyo wengi hatuioni, kwa sababu oda iliyokimbia inauma leo na oda mbovu inauma baada ya wiki mbili.

Na hapo nimehesabu shilingi tu. Sijahesabu yule mtoto wa kidato cha pili. Yeye hana bei ya kuweka kwenye daftari, na ndiye ninayemkumbuka nikitaka kujibu haraka.

Kuna anayesema pia: "Mimi nauza tu, aliyefunga ni yeye, kosa lake." Ni kweli yule jamaa alikosea. Alipaswa kupima, alipaswa kubadilisha hozi, kile kishikio alipaswa kukiwekea bati la kukiimarisha kabla ya kukichomelea. Aliyakubali yote hayo mwenyewe. Lakini mimi niliandika "ndefu balaa" kana kwamba urefu peke yake ni sifa. Mteja hakushika kile kitu mkononi kabla ya kulipa, alishika maneno yangu. Duka la barabarani mteja anakuja na shokapu yake ya zamani, anaziweka sambamba, anaona. Mtandaoni macho yake ni sisi. Ukikubali kuuza bila yeye kushika, umekubali kupima kwa niaba yake.

Kwa asiyeuza spea

Dada unayeuza magodoro ya watoto, kaka unayeuza majiko ya gesi, wewe unayeuza chaja na betri za sola: kila bidhaa ina "sentimita 33" yake. Kuna kipimo kimoja ambacho mteja asipokitaja, mzigo utafika salama na bado utakuwa umemuuzia kitu kisicho chake. Godoro lina kipimo cha kitanda. Betri ina volti. Regulata ya gesi ina aina ya mtungi. Kitafute hicho kipimo kwenye bidhaa yako, kiandike kwenye posti, kiulize kabla ya namba ya malipo. Namba yangu ya malipo siku hizi haipo kwenye ukurasa. Naituma baada ya vipimo kufika.

Yule jamaa wa Moshi alimaliza Samurai yake. Shokapu alinunua kwangu tena, fupi kuliko zile, na akaongeza hozi ndefu, mipira ya kugotea na yubolti nane. Nilimuuliza maswali yote matano japo majibu nilikuwa nayo. Akacheka, akajibu moja moja, na mwisho akatuma picha ya tepu.

Sasa ni zamu yako. Niandikie hapo chini unauza nini na kipimo chake ni kipi, na kama umewahi kukataa oda, simulia ilikuwaje. Kama una mwenzako anayeuza vifaa vya kunyanyua gari, mtumie hii leo kabla hajapeleka mzigo stendi.